Tairi za Gari la Kageha

Kazi ya Hezekiah Masinde ilikuwa kusema maneno ya watu wengine. Alikuwa mkalimani wa korti ya Kakamega tangu siku za Mwingereza. Bendera ilipobadilishwa hakimu aliondoka, karani mkuu akaondoka, naye akabaki palepale, amesimama baina ya kizimba na meza, mikono nyuma. Kila sentensi aliianza kwa neno moja. Anasema hakuiba ng'ombe huyo. Anasema shamba lilikuwa la baba yake. Anasema alikuwa mlevi na hakumbuki. Watu walilia mbele yake, wakaapa, wakatukana, na yeye aliyapokea yote akayavusha upande wa pili bila kutikisika. Neno hilo "anasema" lilimkinga kama jani la mgomba linavyomkinga mtu mvua.

Saa kumi alifunga kitabu chake, akavaa kofia, akatembea hadi nyumba ya serikali yenye vyumba viwili upande wa Lurambi. Kuanzia hapo mpaka asubuhi hakuwa na neno la kumwambia mtu. Wazazi wake, watu wa Kimilili, walikuwa wamekufa zamani. Mkewe, Kageha, alikufa mwezi wa Julai mwaka wa sitini na tano, akijifungua, na mtoto akaenda naye. Sasa ulikuwa mwezi wa Novemba wa mwaka uliofuata, na bado Hezekiah alipika chai ya vikombe viwili kila jioni kwa sababu sufuria ilikuwa ya kipimo hicho, na kikombe cha pili alikinywa kikiwa baridi.

Nyuma ya nyumba, chini ya turubai lililoshikiliwa na mawe, kulikuwa na gari. Lilisimama juu ya matofali, halina tairi hata moja.

Lilikuwa gari la spoti, la mwaka wa arobaini na saba, rangi ya maziwa, pua ndefu na madigadi yaliyovimba kama mashavu ya mtu anayepuliza moto. Hezekiah alilinunua kwa mkulima mmoja Mzungu wa Lugari aliyekuwa akifungasha kurudi kwao. Mkulima huyo alishindwa kupata mnunuzi mwingine, maana nani katika Kakamega alitaka gari lisiloweza kubeba hata gunia moja la mahindi? Mjini, ambako aliitwa Karani, walimcheka. "Karani amenunua gari ya watu wawili. Watoto atawafunga kamba waburutwe?" Hezekiah alikuwa ameliona gari hilo miaka mingi likipita mbele ya korti, na alikuwa amelipenda kama mtu anavyopenda kitu asichotarajia kukigusa.

Kageha ndiye aliyegundua kiti cha tatu. Alikuwa akifuta vumbi nyuma, akavuta kishikio, na kifuniko cha buti kikafunguka upande wa nyuma kikawa egemeo, na ndani yake mto wa ngozi nyekundu. Kiti cha nje, kisicho na paa wala dirisha.

"Kiti cha mvua," akasema, akacheka mpaka akakaa chini. "Hezekiah! Hapa ndipo atakapokaa mama. Mzungu alitengeneza gari akiwaza habari za wakwe!"

Alisema kweli. Kwa watu wa Kageha, kule Iguhu, mume wa binti hamkaribii mama mkwe. Hamshiki mkono, hakai naye kiti kimoja, hamtazami usoni, wala halitamki jina lake. Mama huyo aliitwa Jescah, na katika miaka mitano ya ndoa Hezekiah hakuwahi kulitoa jina hilo kinywani. Siku ya kusalimiana ingekuja mtoto wa kwanza akizaliwa: kuku angechinjwa, blanketi lingetolewa, na wawili hao wangepeana mkono mbele ya watu. Mtoto wa kwanza hakuja akiwa hai, na siku hiyo haikuja.

Kageha alipokuwapo, Jescah alipanda kiti cha mvua mara tatu. Hezekiah alikigeuza kioo cha dereva kikatazama mawinguni asije akauona uso wake, na Kageha, aliyekaa kando yake, alikuwa akipeleka maneno mbele na nyuma. "Mama anasema punguza mwendo." "Mama anasema hilo shimo ulilifuata kwa makusudi?" Hezekiah alicheka sana. Nyumbani kwake mwenyewe alikuwa na mkalimani.

*

Habari zililetwa na Risper, jirani wa Jescah aliyeuza mboga katika soko la Kakamega. Alimngoja Hezekiah nje ya korti, kikapu kichwani.

"Karani, mama yako anahama."

"Anahamia wapi?"

"Lugari. Sylvanus alipata shamba mwaka jana, yale mashamba ya Wazungu yaliyogawanywa. Ng'ombe na vyombo vimekwenda na lori jana. Mama akakataa lori. Amesema yeye atapelekwa na gari ya Kageha. Jumamosi hii inayokuja."

"Gari halina tairi."

"Mimi nimetumwa tu," Risper akasema. "Mambo ya tairi hakunipa."

Sylvanus alikuwa kaka yake Kageha. Kutoka Iguhu hadi Lugari ilikuwa safari ya karibu nusu siku kwa barabara ya murram isiyo na lami, na Hezekiah alijua maana yake. Iguhu aliweza kufika kwa baiskeli. Jumapili moja kila mwezi alikwenda, akakaa kwenye kiti chini ya ukingo wa paa, na Jescah akakaa ndani karibu na mlango, asionekane, wakaongea kupitia ukuta juu ya mvua na maharagwe. Hawakumtaja Kageha. Lakini wakinyamaza, walinyamaza juu ya mtu mmoja, na hapakuwa na mahali pengine duniani ambapo Hezekiah angeweza kunyamaza hivyo. Mama akihamia Lugari, mjane wa kiume asiye na mtoto atakwenda huko kwa sababu gani? Mkwe bila mke na bila mjukuu ni mgeni tu.

Na kulikuwa na jambo ambalo hakuwa amemwambia mama huyo.

Iguhu nzima ilijua kwamba siku ile ya Julai, Hezekiah alipokwenda kumchukua Kageha kwa mama yake amfikishe hospitali, tairi la nyuma lilipasuka kwenye mteremko wa kuelekea mto Yala, na spea ilikuwa haina pumzi. Walikaa matopeni zaidi ya saa mbili kabla lori la miwa halijapita. Watu walisema ni bahati mbaya. Asichojua mtu yeyote, isipokuwa mmoja, ni kwamba wiki tatu kabla ya siku hiyo Hezekiah alionywa. Maina, fundi wa tairi, alibonyeza tairi hilo kwa kidole gumba akasema: hii ya nyuma kushoto usiende nayo mbali. Hezekiah akajibu: mwisho wa mwezi.

Hukumu nyingi alizozitafsiri zilikuwa za makosa madogo kuliko hilo. Kila Jumapili alikwenda Iguhu na maneno hayo, na kila Jumapili alirudi nayo. Sasa ilibaki Jumamosi moja.

*

Kibanda cha Maina kilikuwa barabara ya Mumias, mabati matupu, tairi zimetundikwa ukutani. Maina alikuwa Mkikuyu aliyekuja na kazi ya barabara akabaki, mtu mnene, mwenye utani kwa kila mteja. Alipomwona Hezekiah akiingia na gurudumu moja begani, suti imechafuka, utani ulimwisha kidogo. Hakusema "nilikuambia". Hakulisema siku zile, na hakulisema sasa.

"Kumbe ile gari bado iko," akasema.

"Ipo. Nataka tairi nne na spea."

"Ya kwenda wapi?"

"Lugari."

"Lugari!" Maina alilipokea gurudumu, akalizungusha. "Hii saizi ni shida, karani. Magari za siku hizi rimu ni ndogo. Kaa nikuonyeshe."

Alimwonyesha aina tatu. Za kwanza zilikuwa za saizi yenyewe hasa, kutoka Kisumu, nyeusi, zinang'aa, zimevishwa mpira mpya. Hezekiah aliziinua. Alikuwa amekisoma kitabu cha gari hilo hadi kurasa zikalegea, na baada ya Julai alikisoma sura ya tairi peke yake, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alilikunja tairi ubavuni kwa mikono miwili, karibu na dirisha, na chini ya rangi mpya akaona nyufa nyembamba kama mistari ya kiganja.

"Juu ni mpya," akasema. "Ndani ni mzee."

"Umesoma," Maina akasema. "Hiyo nisingekuuzia wewe. Basi chukua hizi."

Za pili zilitoka kwenye gari la padri aliyekwenda zake. Zilikuwa nzima, laini, zimebaki nusu ya maisha. "Hizi zitakupeleka korti, zitakupeleka soko, zitakupeleka kanisa. Zitakaa miaka. Na Lugari pia zitakufikisha, mara moja, polepole, kama Mungu amelala vizuri. Kurudi sijui."

"Na za tatu?"

Maina alicheka, akateremsha kutoka ukutani tairi jipya lenye meno, zito kama jiwe la kusagia. "Hii ni ya Land Rover. Rimu ni ile ile, kumi na sita. Imezidi upana kidole moja tu. Nyuzi ndani tabaka sita. Hii hata ukipita juu ya msumari, msumari ndiyo italia. Lakini gari itakuwa mbaya, karani. Ni kama kumvisha bibi harusi buti ya askari. Usukani itakuwa nzito. Na ni ngumu, haina huruma. Bila mzigo nyuma, kwa hii barabara ya makunyanzi, itakuruka kama mbuzi."

"Mzigo utakuwepo nyuma. Nambeba mama mkwe kile kiti cha nje."

"Kwa nini usimweke mbele? Nyuma si ni ya mbuzi?"

"Ni mama mkwe, Maina."

"Hata mimi niko na mama mkwe. Mimi naogopanga mdomo yake tu." Alipoona Hezekiah hacheki, akarudi kwenye kazi. "Haya. Uzito wake ni kama gani? Nijue pumzi ya kuweka."

"Sijui."

"Mnene ama mwembamba?"

"Sijamtazama."

Maina aliiweka pampu chini. "Karani. Miaka mingapi?"

"Sita sasa."

"Mimi napima tairi na mzigo. Sasa mzigo yenyewe haijatazamwa!" Alicheka hadi akajifuta macho, na Hezekiah mwenyewe akatabasamu. Kisha Maina akauliza kwa sauti nyingine: "Unataka ya kwenda mara moja, ama ya kwenda na kurudi na kwenda tena?"

Hezekiah alizitazama tairi za padri. Ndizo zilizomfaa mtu kama yeye, mtu wa korti na soko na kanisa, ambaye baada ya Jumamosi hangekuwa na pengine pa kwenda. Mtu mwenye akili angezichukua hizo. Aliweka mkono juu ya tairi la meno.

"Hizi," akasema.

Maina alichukua vyuma vyake akaanza kazi.

*

Jumamosi asubuhi alitoka Lurambi akielekea Iguhu, kiti cha nyuma kitupu, na alijua mara moja kwamba Maina hakutia chumvi. Gari liliruka. Kwenye kila kunyanzi la barabara sehemu ya nyuma iliinuka ikaanguka, kofia ikamshuka hadi machoni, meno yakagongana. Alipovuka Yala hakupunguza mwendo na hakutazama upande wa mteremko.

Alisimamisha gari mbali kidogo na nyumba, akakigeuza kioo kikatazama juu, akabaki amekaa, uso mbele, kama desturi ilivyotaka. Alisikia wanawake wakiaga na mmoja wao akilia. Kisha gari lilishuka kidogo kwa nyuma, likatulia. Risper akaja dirishani.

"Amekaa. Ana kuku mmoja kwenye kikapu. Mimi siendi nanyi, kwa hiyo sikiliza: akigonga bodi mara moja, simama. Akigonga mara mbili, enda. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Nenda salama, karani. Usimtupe."

Na gari likaenda vizuri. Ule ugumu wote uliondoka. Kwa uzito wa mama huyo, tairi zile za buti ya askari zilikanyaga barabara kana kwamba zilizaliwa kwa ajili yake. Hezekiah alisikia tu mchanga ukisagika. Walipita Kakamega mjini, watu wakasimama kutazama: karani na suti yake mbele, kiti cha pembeni kitupu, na nyuma, hewani, mama mzima wa Iguhu na kitambaa chake cheupe na kuku. Walipita Lurambi, wakaingia upande wa Kabras, miwa na mahindi pande zote. Zaidi ya maili ishirini hawakusema neno. Hapakuwa na wa kulivusha.

Wakiwa wamepita Malava, bodi ikagongwa mara moja. Hezekiah akasimama kando ya barabara, penye kijito, injini ikinguruma, maana ikizimwa ilitaka kuzungushwa kwa chuma. Alisikia kiti kikilia, hatua zikishuka kwenye majani. Alielewa, akakaza macho yake mbele. Kundi la ng'ombe likaja kutoka nyuma, likapita likisuguana na gari pande zote mbili, mchungaji akipiga mluzi. Na katikati ya purukushani hiyo, nyuma kabisa, bodi ikagongwa: mara moja, na mara ya pili.

Hezekiah akatia gia, akaenda.

Barabara ilikuwa imenyooka. Lugari ilikuwa mbele, mwendo usiofika saa mbili. Alifikiri: kama si sasa, basi hakuna. Akashika usukani kwa nguvu, akaanza kusema, kwa sauti kubwa ili upepo usimeze maneno.

"Mama. Mimi si mtu wa maneno yangu mwenyewe, unanijua. Lakini nina jambo." Akakohoa. "Lile tairi, Mama. Lile la Yala. Watu wamesema ni bahati mbaya nami nikawaacha waseme. Haikuwa bahati. Fundi aliniambia. Aliniambia wiki tatu kabla, kwa mdomo wake, usiende nalo mbali. Nikasema mwisho wa mwezi. Nilikuwa nalipenda hili gari likiwa limesimama, Mama, kuliko kulitunza likitembea. Nililifuta vumbi kila siku, na tairi sikulitazama."

Aliinua mkono mmoja hewani kama mtu anayeapa. Alisema juu ya matope. Alisema jinsi Kageha alivyomtania hata pale, akimwambia aende akatafute punda. Alisema jinsi alivyoushika mkono wake ndani ya lori la miwa na jinsi mkono ulivyokuwa. Kwa mwaka mmoja na miezi minne maneno hayo yalikuwa yamekaa ndani yake, na sasa yalitoka yote, na machozi yakatoka nayo, na upepo ukayakausha. Na mama nyuma hakugonga, hakukohoa, hakulia. Ukimya wake ulikuwa mkubwa, wa heshima, na Hezekiah aliushukuru.

Kisha kofia ikamshuka machoni.

Akaisukuma juu. Ikashuka tena. Meno yakagongana. Gari lilikuwa likiruka kama mbuzi, na lilikuwa likiruka tangu zamani, ila yeye hakusikia.

Akapunguza mwendo hadi likasimama. "Mama?" akaita.

Upepo tu.

Aligonga bodi yeye mwenyewe, mara moja, kwa kiganja, kama mtu anayebisha hodi. Akangoja. Hatimaye aliinua mkono, akakishika kioo kile alichokuwa akikigeuza tangu mwaka wa kwanza, akakiteremsha taratibu, tayari kufumba macho. Ndani yake akaona mto wa ngozi nyekundu, mtupu, na nyuma yake barabara ndefu, vumbi lake mwenyewe likiwa linatua.

*

Alimkuta maili tano nyuma, ameketi juu ya ukingo wa barabara, kikapu miguuni, kitambaa kimefungwa upya. Alikuwa ameshuka na kuku kumnywesha maji kijitoni, ng'ombe wakapita, na pembe za mmoja wao zikafanya kazi isiyo yao. Hezekiah alisimamisha gari hatua ishirini kabla hajamfikia, akashuka, akampa mgongo.

"Mama, nisamehe. Bodi iligongwa mara mbili."

"Ni ng'ombe," sauti ya Jescah ikasema nyuma yake. "Yule mweusi. Nilimwona. Nikasema, basi, huyu mkwe amechagua ng'ombe." Akacheka. Kilikuwa kicheko cha kukaa chini, kicheko cha Kageha kilichozeeka, na Hezekiah alifumba macho. "Nilikuita, baba. Kisha nikakuona unakwenda na mkono mmoja juu. Ulikuwa ukiongea na nani?"

"Na wewe, Mama."

"Ulisema nini?"

Wingu lilikuwa limekuja juu ya vilima vya Nandi, na upepo ulikuwa na harufu ya mvua. Hezekiah alifungua kinywa. Yale yote aliyoyasema hakuyapata tena, hata neno la kwanza. Alisimama barabarani, mgongo kwa yule aliyetaka kumwambia, mbele yake miwa. Kisha mikono yake, bila yeye kuiambia, ikaenda nyuma ikashikana.

"Anasema," akaanza. Sauti yake ikawa ile ya kortini, safi, isiyo na mtu. "Anasema alionywa juu ya tairi lile. Anasema fundi alimwambia asiende nalo mbali, wiki tatu kabla ya siku yenyewe. Anasema alijibu mwisho wa mwezi. Anasema hakumwambia mtu. Anasema amekuja kwako kila mwezi akitaka kusema na akarudi bila kusema." Akakaza macho kwenye miwa. "Anasema hana la kujitetea."

Kuku alipiga kelele kidogo ndani ya kikapu. Tone la kwanza la mvua likaanguka juu ya boneti.

Hezekiah alimsikia Jescah akisimama, nguo zikipukutwa vumbi, hatua zikienda hadi kwenye gari, kiti kikilia.

"Mwambie huyo mtu," akasema mama, na sauti yake haikuwa kali wala haikuwa laini, "kwamba nimesikia."

Akagonga bodi mara mbili.

Mvua iliwakuta hata hivyo. Ilimnyeshea mama kwenye kiti chake, ikamnyeshea na Hezekiah, kwa kuwa alilikunja paa la mbele chini asije akabaki mkavu peke yake. Tairi ziling'ata matope meusi ya Lugari na hazikuteleza hata kidogo.

*

Shamba la Sylvanus lilikuwa na ghala la mabati aliloliacha Mzungu, na nyumba mpya ya udongo kando yake. Wanawake walimpokea Jescah, wakamwingiza ndani akaoteshwa moto. Hezekiah aliwekewa meza peke yake chini ya ukingo wa paa, akaletewa obusuma, ugali wa kwao, na kuku, akala akitazama mahindi yaliyovunwa yakiwa yamelundikwa. Sylvanus, mtu wa haraka, mwenye mambo mengi ya shamba kichwani, alilizunguka gari akalipiga tairi teke.

"Shemeji! Hizi si za Land Rover? Gari hii itakuvunja mgongo ukirudi peke yako."

"Itaniruka kidogo."

"Subiri." Akaenda ghalani, akarudi na gunia la mahindi begani, akaliketisha kwenye kiti cha mvua, akalifunga kwa kamba ya katani. "Hilo litakutuliza mpaka Lurambi. Ukifika ule."

Hezekiah alishukuru, akavaa kofia yake iliyolowa. Alikuwa ameshashika chuma cha kuzungushia injini aliposikia sauti kutoka mlangoni mwa jikoni. Jescah alikuwa amesimama pale, amegeuza uso upande wa ukuta.

"Sylvanus."

"Ee, Mama."

"Mwambie huyo mkalimani amwambie yule mtu wake: mahindi ni yake. Gunia ni langu. Linarudi."

Sylvanus alimtazama mama yake, akamtazama shemeji. "Mtu gani tena?"

"Atajua. Mwambie pia kwamba kwetu gunia halirudi tupu."

"Shemeji, Mama anasema..."

"Nimesikia," Hezekiah akajibu.

Aliondoka kukiwa bado kuna mwanga. Kioo alikiacha pale alipokiteremsha, hapakuwa na sababu ya kukigeuza. Ndani yake lilionekana gunia, wima, na nyuma ya gunia Lugari ikipungua. Kiti cha pembeni kilikuwa na maji. Gari halikuruka. Pale kijitoni, zaidi ya Malava, alipunguza mwendo ingawa hapakuwa na ng'ombe, wala mtu.

*

Jumatatu, saa kumi, alipita kibandani kwa Maina. Tairi zilikuwa bado na matope meusi katikati ya meno, na hakuwa ameyaosha.

"Karani! Umerudi mzima. Mama amefika?"

"Amefika."

"Na hizi? Ziliruka?"

"Kiti kikiwa kitupu, zinaruka sana."

"Si nilikuambia?" Maina akasema, na papo hapo akanyamaza, akashika spana asiyoihitaji, akaitazama.

Gari la miwa lilipita barabarani. Hezekiah alivua kofia, akaigeuza mikononi.

"Uliniambia," akasema. "Na mara ya kwanza pia, uliniambia."

Maina alichuchumaa, akabonyeza tairi la nyuma kushoto kwa kidole gumba, kwa nguvu, mara mbili, akalizunguka gari akafanya vivyo hivyo kwa zote nne. Kisha akaikagua spea.

"Ziko sawa," akasema. "Unakwenda tena lini?"

"Mahindi yakiisha."

"Na wewe unakulanga kiasi gani, mtu mmoja?"

Hezekiah alifikiri kuhusu gunia lile, lililosimama jikoni kwake kando ya sufuria ya vikombe viwili, limejaa hadi shingoni. Akavaa kofia yake.

"Kidogo," akasema. "Itachukua muda."